Mzee Nyumbani na Miaka 15 ya Michango

(Somo kwa vikundi vya elimu vya matawi)



Somo la toleo hili ni juu ya wazee wetu na wale wanaowatunza. Najua wapo watakaouliza: jambo la nyumbani limeingiaje katika gazeti la sendika? Limeingia kwa mlango wa kazi. Chukua daftari la wanachama la tawi lolote hapa Gisenyi, uliza walioacha kazi waliacha kwa sababu gani. Utapata majibu tuliyoyazoea: kufukuzwa, kiwanda kupunguza watu, ugonjwa, kuhamia Kigali. Lakini kwa upande wa akina mama kuna jibu moja linalorudi tena na tena, nalo husemwa kwa sauti ya chini: "Mama aliugua, na hapakuwa na mtu mwingine." Hakuna delege aliyeitwa kumtetea mtu wa namna hiyo, kwa maana hakufukuzwa. Barua ya kuacha kazi aliiandika mwenyewe.

Tunalotaka lieleweke katika somo hili ni hili: kumtunza mzee ni kazi, na kazi hiyo isipogawanywa kwa watoto wote, yule mmoja anayeifanya huilipia kwa uzee wake mwenyewe. Tutalionyesha jambo hilo kwa hesabu, siyo kwa kulalamika.

WAZEE WAMEONGEZEKA

Kwanza tuseme habari njema. Sensa ya 2012 ilikuta watu wa miaka 60 na zaidi katika Rwanda ni kiasi cha nusu milioni. Sensa ya 2022 imekuta wamepita 860,000, yaani kiasi cha 6 na nusu katika kila watu 100. Umri wa kuishi umefika karibu miaka 70. Hayo ni matunda ya mituweli, ya vituo vya afya, ya chanjo na ya dawa za presha na za sukari. Mtu aliyepata kiharusi zamani alizikwa mwezi huohuo. Leo anaweza kulala miaka minne au mitano na kuwa hai, na mara nyingi anakuwa hai kwa sababu kuna mtu anayemtunza vizuri.

Lakini waliopo kuwapokea wazee hao hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 yalikata ngazi katikati katika jamaa nyingi: bibi amebaki, wajukuu wapo, na kizazi cha kati hakipo. Wazee waliofiwa na watoto wao wote wanaitwa Intwaza, na baadhi yao wanaishi pamoja katika nyumba za Impinganzima, kama zile za Huye, Bugesera na Rusizi, zilizojengwa kwa juhudi za Unity Club Intwararumuri. Hilo ni jambo la heshima kubwa. Ila mzee wa mfanyakazi wa kawaida haendi huko. Yuko katika chumba cha kupanga Mbugangari au Majengo, au amebaki kijijini Nyundo au Kanama na mjukuu wa miaka 14.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Asiyewahi kumwuguza mzee hudhani kazi ni kumpa chakula na kumwamkia. Basi tuitazame siku moja kama tunavyoitazama zamu ya kiwandani, saa kwa saa.

Tuseme mama ana miaka 78, amepata kiharusi, upande mmoja hauna nguvu. Saa kumi na moja alfajiri anageuzwa, anasafishwa, shuka zinabadilishwa. Maji ni lazima yawe yamechotwa jana. Uji unapikwa mwepesi. Anakalishwa wima, mto mgongoni, analishwa kijiko kwa kijiko, maana akilishwa amelala au akiharakishwa anapaliwa, na uji ukiingia njia ya pumzi unaweza kuleta homa ya mapafu. Hapo pekee ni karibu saa nzima. Dawa ya presha inafuata. Kila baada ya saa mbili anageuzwa tena, la sivyo ngozi ya mgongo na ya nyonga inachunika, na kidonda cha namna hiyo kupona kwake ni miezi. Mchana ni kufua. Shuka za mgonjwa haziwezi kusubiri Jumamosi, na wakati wa mvua za huku kwetu hazikauki. Jioni ni chakula tena na kunyoosha viungo vya upande uliolala ili visikakamae. Usiku kuna kuamshwa mara mbili au tatu. Akiwa bado anaweza kutembea kidogo, choo kiko nje, njia yake ni mawe ya volkano, na giza. Mzee akianguka hapo akavunja nyonga, kazi inazidi maradufu.

Hesabuni wenyewe. Ni saa 10 na zaidi kwa siku, siku 7 kwa juma. Sheria ya kazi ya 2018 inampa mfanyakazi likizo, au konji kama tunavyosema, ya siku 18 za kazi kwa mwaka. Huyu hana hata moja.

Tena kazi hii ina ufundi, na watu huumia kwa kutoujua. Wengi wa wanaowauguza wazee wana maumivu ya mgongo kama wapakiaji wa magunia, kwa sababu wanainua kama wapakiaji wasiofundishwa. Usimvute mgonjwa kwa mikono au kwa makwapa. Tandika shuka ya pili iliyokunjwa mara mbili, kuanzia mabega mpaka mapaja. Mtu mmoja ashike upande huu na mwingine upande ule, wakunje magoti, wamsogeze kwa shuka kwa hesabu ya moja, mbili, tatu. Ukiwa peke yako, kunja goti lake la upande wa mbali, weka mkono mmoja begani na mwingine nyongani, umzungushe kuja kwako polepole. Mwombeni muuguzi wa kituo cha afya awaonyeshe mara moja. Ni robo saa tu. Tawi likimwita muuguzi siku ya mkutano, wanachama 30 watajifunza kwa pamoja, na hiyo ni faida kubwa kuliko hotuba yangu.

Kuna na mzee ambaye mwili una nguvu lakini akili imeanza kupotea. Anauliza jambo moja mara ishirini, anatoka usiku kutafuta ng'ombe waliouzwa zamani, anamshitaki binti yake kwa majirani kwamba hampi chakula. Watu wa mtaani husema ni uchawi au ni roho mbaya. Ni ugonjwa wa ubongo, na unajulikana. Binti anayesingiziwa hivyo anahitaji ndugu watakaosimama upande wake mbele ya majirani. Hilo peke yake ni msaada usiogharimu faranga.

FEDHA

Mituweli inasaidia sana, tusiidharau. Hospitalini mgonjwa hulipa 10 katika kila faranga 100, na mfuko unalipa zinazobaki. Wafanyakazi tulioajiriwa nasi tunauchangia: tangu 2020 tunakatwa nusu ya faranga katika kila faranga 100 za mshahara unaobaki mkononi. Lakini mituweli hainunui pampasi za wakubwa, hainunui sabuni, wala hailipi gari la kumpeleka hospitali mzee asiyeweza kukaa juu ya moto. Halafu kuna jambo ambalo wanachama wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Wale waliomo katika bima ya matibabu ya RSSB, ile iliyoitwa RAMA, bima hiyo inamfunika mfanyakazi, mke au mume wake, na watoto wake. Mama mzazi hayumo. Hata ukiwa na kazi nzuri namna gani, mituweli ya mama ni lazima ilipwe mbali, na kwa wakati. Nimeona kaka wanne wote wakidhani mmoja wao amelipa.

HESABU YA MIAKA 15

Sasa tufike katika kiini cha somo.

Kwa sheria ya pensheni ya 2015, mfanyakazi anaweza kudai pensheni ya uzee akifika miaka 60, akiwa amechangia miaka isiyopungua 15, yaani miezi 180. Akiwa na miaka 15 kamili, pensheni yake ni 30 kwa mia ya wastani wa mshahara wake. Kila mwaka unaozidi hapo unaongeza 2 kwa mia. Tangu Januari 2025 pensheni ya chini kabisa ni faranga 33,710 kwa mwezi. Kabla ya hapo ilikuwa 13,000. Asiyefikisha miaka 15 hapewi pensheni ya kila mwezi. Anapewa fedha mara moja tu: mshahara wake wa wastani wa mwezi mmoja kwa kila mwaka aliochangia, kisha basi.

Tuchukue mfano wa mama anayefanya usafi katika hoteli karibu na ziwa. Alianza kazi akiwa na miaka 30, mshahara faranga 80,000. Alichangia miaka 11. Akiwa na miaka 41 mama yake akalala, naye akaacha kazi. Mama akaishi miaka 5. Sasa binti ana miaka 46, mgongo unamwuma, na mwenye hoteli anataka wasichana wa miaka 20. Kazi ya mkataba haipati tena. Anauza sambaza sokoni, au anavuka mpaka na beseni la nyanya.

Akifika miaka 60 atapewa 80,000 mara 11, yaani faranga 880,000. Ni fedha, hatukatai. Lakini mwenzake waliyeanza kazi siku moja, akafikisha miaka 15, anapata angalau 33,710 kila mwezi mpaka kufa. Zile 880,000 zinalingana na miezi 26 ya pensheni hiyo. Wote wawili wakiishi mpaka miaka 75, yule wa pili atakuwa amepokea zaidi ya milioni 6. Tofauti ni zaidi ya faranga milioni 5, na iliyoleta tofauti ni miaka 4 ya michango. Miaka hiyo 4 aliitumia akimgeuza mama kitandani, mama wa watoto sita.

Na baada ya miezi 26 nani atamlisha? Binti yake. Naye pengine ataacha kazi akiwa na miaka 9 ya michango. Hivyo deni linashuka toka kwa mama kwenda kwa binti, na kila linaposhuka linaongezeka.

MAZISHI YANA KAMATI

Sasa tazameni jambo hili. Mzee akifa, siku ileile kamati inaundwa. Kuna mwenyekiti, kuna mtunza fedha, kuna daftari, kila mmoja anaandikwa jina lake na kiasi alichotoa. Ndugu wa Kigali anatuma kwa simu, wa Goma anavuka, wa Ulaya anatuma zaidi ya wote ili asisemwe. Katika juma moja fedha zinapatikana ambazo katika miaka mitano ya ugonjwa hazikuonekana. Hata mwajiri anatoa siku za msiba, kwa sababu ziko katika sheria. Mfanyakazi ambaye mama yake hajafa, amelala tu, hana msiba wa kupeleka ofisini.

Kwa hiyo jamaa zetu zinajua kabisa kuunda kamati. Tatizo ni kwamba zinaiunda mgonjwa akishaondoka. Hapo ndipo mtu wa sendika ana la kufundisha nyumbani kwake: leteni daftari mapema. Mzee akianza tu kushindwa kuchota maji mwenyewe, watoto wote wakutane, na mzee mwenyewe awepo na asikilizwe kama akili inamruhusu. Wanaokaa mbali wasikilize kwa simu. Iandikwe nani analala na mzee usiku gani, nani analeta maji, nani analipa mituweli na kabla ya tarehe gani, nani anatoa kiasi gani kwa mwezi, na nani anampokea yule mtunzaji mkuu angalau siku mbili kwa mwezi ili alale usingizi. Lililoandikwa linaweza kudaiwa. Lililosemwa kwa mdomo, kila mmoja anakumbuka la mwenzake.

Waswahili wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Daftari ndiyo mizani ya kuupima.

Katika daftari hilo pawe na mstari mmoja ambao jamaa nyingi hazijaufikiria, nao ndio naouomba zaidi: michango ya pensheni ya yule aliyeacha kazi. Sheria ya 2015 inamruhusu mtu aliyekwisha kuandikishwa aendelee kuchangia kwa hiari baada ya kuacha kazi. Masharti na kiwango aviulize mapema katika ofisi ya RSSB hapa Rubavu, asingoje miaka ipite. Turudi kwa mama yetu wa hoteli. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni ni 12 kwa mia, 6 za mfanyakazi na 6 za mwajiri. Kwa mshahara wa 80,000 hiyo ni 9,600 kwa mwezi. Tuseme kiasi kama hicho kiendelee kulipwa kwa jina lake, na kaka zake walio kazini ni watatu. Kila mmoja ni 3,200. Wapo wanaoacha zaidi ya hizo baa Jumamosi moja. Wakifanya hivyo kwa miezi 48, dada yao amefika miaka 15, na hakuna mtoto wa mtu atakayeacha kazi kesho kwa ajili yake.

Msiseme ni zawadi. Ni mshahara wake, tena mdogo sana, kwa kazi aliyowafanyia wote.

Jamaa isiyoweza njia hiyo, au mtunzaji ambaye hajawahi kuajiriwa, kuna Ejo Heza, akiba ya muda mrefu iliyowekwa na sheria ya 2017 na kuanza Desemba 2018. Kuingia ni kwa simu, *506#, na mtu mwingine anaweza kukuwekea. Muuza nyanya, mvuvi, dereva wa moto, wote wanaruhusiwa.

Juu ya hiyo 12 kwa mia nataka kusema neno pembeni. Zamani ilikuwa 6, na utaratibu uliotangazwa ni kuendelea kupanda kuanzia 2027 hadi 20 kwa mia mwaka 2030. Manung'uniko niliyasikia katika kila mkutano, na mshahara kupungua ni jambo zito. Dai la mishahara kuongezwa liko palepale. Lakini nimeshangaa kwamba walionung'unika kwa sauti kubwa ni vijana wa kiume, na akina mama wa miaka 50 walikuwa wakiuliza tu: je, miezi yangu ya zamani imo?

JE, MIEZI YAKO IMO?

Swali lao ni sahihi. Kukatwa mshahara ni jambo moja, na michango kufika ni jambo lingine. Mwanachama mmoja alikatwa miaka mingi kwa mwajiri ambaye sitamtaja. Alipokwenda kuuliza alikuta miezi 31 haikupelekwa. Ilichukua mwaka na zaidi kuipata, naye aliipata kwa sababu alikuwa ametunza karatasi zake za mshahara katika mkebe wa biskuti. Kila mwanachama aombe taarifa ya michango yake angalau mara moja kwa mwaka. Pasipo hiyo, mtu anaweza kudhani ana miaka 16 kumbe ana 13.

Angalieni na makaratasi ya wazee wenyewe. Wapo waliofanya kazi katika chai, katika bia, katika ujenzi wa barabara, wakachangia Caisse Sociale iliyoanzishwa mwaka 1962 baada ya uhuru, ambayo baadaye iliunganishwa na RAMA kuwa RSSB kwa sheria ya Desemba 2010. Mzee anaweza kuwa na haki ambayo hakuwahi kuidai, kwa sababu alikimbia, au kitabu kilipotea, au hajui kusoma. Wengine walifanya kazi ng'ambo ya mpaka enzi za Zaire. Wasomaji wa Gisenyi mnakumbuka kwamba CEPGL ilizaliwa hapahapa mjini kwetu Septemba 1976, na mwaka 1978 nchi zile tatu zilifanya mkataba wa usalama wa jamii, kusudi miaka ya kazi ya nchi moja ihesabiwe pamoja na ya nyingine. Siahidi kwamba kila karatasi ya zamani italeta fedha. Nasema isichomwe kabla ya kupelekwa kuulizwa.

KAKA ZETU

Sheria ya urithi ya 1999 ilimpa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Tuliishangilia, na ilistahili. Lakini hakuna aliyesimama siku ile kusema kaka naye arithi beseni na shuka.

Sheria inayohusu watu na familia inawataka watoto wawasaidie wazazi walio katika shida. Haisemi mabinti. Najua desturi: mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Vema, tusigombane na hilo. Lakini kuchota maji si kuogesha. Kufua shuka si kuogesha. Kukesha nje ya mlango ili dada alale si kuogesha. Na baba mzee je? Mara ngapi anaogeshwa na mkwe, mke wa mwanawe, hali wanawe watatu wamekaa barazani? Mkwe huyo ndiye mwenye mzigo mbaya kuliko wote: anafanya kazi ya binti, na siku ya baraza la ukoo hana sauti.

Wengine husema, "Mimi natoa fedha." Fedha ni kitu, na anayetoa kila mwezi bila kukumbushwa namheshimu. Lakini anayekuja Noeli na kilo mbili za sukari, akapiga picha na mukecuru, akakemea kwamba mbona amekonda, huyo aandikwe katika daftari kwa kile alicholeta: kilo mbili za sukari.

MZEE NAYE ANA HAKI

Tusimfanye mzee kuwa mzigo tu wa kugawana. Hapa Gisenyi wazee wengi wanatunza kuliko wanavyotunzwa. Wanawake wanaovuka mpaka kwenda Goma kuuza mboga huondoka alfajiri. Mtoto wa miezi minane anabaki na nani? Na bibi. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, watu waliona jinsi biashara ilivyoanguka. Walioona kwamba biashara hiyo ilikuwa imesimama juu ya mgongo wa bibi ni wachache. Bibi anayelea wajukuu watatu kwa miaka sita amechangia, hata kama hana namba ya RSSB, na zamu yake ya kutunzwa ikifika isiitwe sadaka.

Kuna na suala la shamba. Zamani mzazi alilazimika kuwapa watoto umunani; sheria ya 2016 iliondoa lazima hiyo. Hata hivyo wazee wanasongwa: gawa sasa, tuuze, kiwanja kimepata bei. Mzee akishagawa kila kitu anakuwa mgeni katika nyumba yake. Ushauri wangu ni kwamba abaki na kipande chake na hati yake mpaka mwisho, na mtoto anayemshauri vingine aulizwe ana haraka ya nini.

Asiye na mtoto wala fedha, mudugudu unapaswa kumjua. Mpango wa VUP ulioanza 2008 una msaada wa moja kwa moja kwa nyumba maskini zisizo na mtu wa kufanya kazi. Delege anayeishi mtaa mmoja na mzee wa namna hiyo amsindikize ofisini, asimtume peke yake. Na orodha ya wazee wasioweza kutembea iwepo mtaani kwa sababu nyingine pia. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na mvua ya usiku ule iliua watu zaidi ya 130 katika nchi, wengi wao huku magharibi. Katika usiku kama huo mwenye miguu hukimbia. Asiye nayo ni lazima awe na mtu ambaye jina lake limekwisha kuandikwa kuwa ndiye wa kumbeba.

Neno moja juu ya wale tunaowaajiri wenyewe. Wafanyakazi wengine huleta mtoto wa kijijini kumwangalia mzee, msichana wa miaka 13, kwa chakula na nguo. Umri wa kuanza kazi katika sheria yetu ni miaka 16. Mwanachama wa sendika anayedai haki kwa mwajiri mchana, na usiku ni mwajiri wa namna hiyo, sijui atasema nini mkutanoni. Hali kadhalika mjukuu anayetolewa shule. Na mtu mzima akiajiriwa kwa kazi hiyo, apewe mshahara unaojulikana na siku ya kupumzika.

KWA MWAJIRI TUDAI NINI?

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1981 Mkataba namba 156 juu ya wafanyakazi wenye majukumu ya familia, nao unataja watoto na pia jamaa wengine wa karibu wanaohitaji kutunzwa. Kwa hiyo hatutakuwa tumebuni jambo geni. Katika mapatano ya kazi na mwajiri, tawi linaweza kuomba mambo yasiyomgharimu sana: ruhusa ya kubadilishana zamu bila adhabu, kugawa siku za konji vipande vipande kwa anayeuguza mzazi, ruhusa ya miezi kadhaa bila mshahara huku nafasi yake ikingoja. Hilo la mwisho ndilo lingemwokoa mama yetu wa hoteli. Aliandika barua ya kuacha kazi kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kuomba barua nyingine.

KAZI YA KIKUNDI

Katika mkutano ujao kila mwanachama aje na taarifa yake ya michango, au angalau namba yake ya RSSB. Katibu aandike ni wangapi wana chini ya miezi 180, na kati yao ni wangapi wana mzazi wa miaka 70 na zaidi. Halafu mjadili: nyumbani kwenu ni nani anayelala karibu na mzee, na ana miezi mingapi ya michango? Nani aliamua kwamba awe yeye, na siku gani? Wanaume wajibu kwanza. Majibu yaletwe ofisini kabla ya mazungumzo na waajiri, bila majina ya watu, hesabu tu.